Mafuta Yasiyotoka Majini

Kabla sijatoka

Tangu nirudi, kila anayeingia ofisi ya walimu ananiuliza lile lile: ulikwenda kuogelea Jumamosi, mbona umechelewa kurudi, mbona umenyamaza, na mbona safari hii ngozi haijachubuka? Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika yote mara moja, asome anayetaka, na asiyetaka aniache ninywe chai yangu. Nawaonya tu kwamba mambo mengine mimi mwenyewe sijayaelewa hadi leo, kwa hiyo msinidai maelezo nisiyokuwa nayo.

Ninyi mnanijua, lakini karatasi hizi huenda zikafika kwa mgeni, basi nianze na lililo wazi. Mimi ni zeruzeru. Naitwa Deusdedit, nafundisha hesabu katika shule moja hapa Muleba, na ubao nausoma nikiwa hatua mbili tu kutoka ulipo. Watu nawatambua kwa sauti na kwa mwendo. Kuogelea nilifundishwa ziwani na baba mdogo, alfajiri kabla jua halijachomoza, na ndani ya maji hakuna anayenishinda kirahisi.

Mashindano yenyewe ni kuogelea kutoka kisiwa cha Musira hadi ufukwe wa Bukoba. Watatu wa kwanza wanapelekwa Mwanza. Ubaya ni kwamba hayaanzi asubuhi. Yanaanza viongozi wakishamaliza hotuba, na viongozi wetu hawajawahi kumaliza hotuba kabla ya saa sita mchana. Mwaka jana niliingia hivyo hivyo, nikatolewa majini katikati ya njia mgongo ukiwa malengelenge matupu. Mwezi mzima nililala kifudifudi. Kidonda cha begani kilikaa miezi minne, na mganga wa zahanati aliniambia bila kuzunguka kwamba kingine kama kile hakitapona, na kwamba watu wa ngozi yangu wengi huanzia hapo kufa.

Kwa hiyo ilikuwa ama nipate mafuta ya kuzuia jua yatakayokaa mwilini mpaka nifike nchi kavu, ama niache kuogelea mchana maisha yangu yote. Na mimi kuacha sikutaka.

Nilihitaji njia ya kupima. Saa ya mkono sina, ile niliyokuwa nayo ilipotea wakati wa vita tulipokimbia mabomu. Lakini rozari ninayo, na mama alinifundisha kuisali kwa mwendo ule ule bila kukimbiza wala kuvuta. Nilishakadiria kwamba kutoka Musira hadi ufukweni ni rozari tatu. Basi nitapaka mafuta mkononi, nitautumbukiza majini, nitasali rozari tatu, kisha nitaangalia kilichobaki. Niliiona ni hesabu safi kabisa, na ndiyo iliyoniponza.

Muleba hadi Kemondo

Niliondoka Jumanne na lori la kahawa. Nilivaa koti la mikono mirefu, kofia pana, na mwavuli mweusi juu yake. Nilikuwa nimekonda, maana miezi mitatu nilikuwa nafanya mazoezi na nimeacha lubisi, pombe ambayo ninyi mnajua ninavyoipenda. Dereva alinitazama, akamteremsha mtu aliyekuwa amekaa mbele, akanipandisha pale.

"Kaa hapa, mwalimu. Huku nyuma kuna vumbi."

Nikafikiri, kumbe ualimu bado una heshima.

Tukasimama kwenye msiba wa kwanza kabla hatujafika mbali. Mnajua desturi, gari haliwezi kupita nyumba yenye matanga kana kwamba halijaona. Tukashuka wote, tukawapa pole wafiwa, tukapanda. Msiba wa pili ulikuwa kilima kilichofuata. Wa tatu ulikuwa karibu na Muhutwe, na pale dereva akaombwa apeleke mbao za jeneza upande wa pili wa bonde. Hatukuondoka tena siku hiyo. Miaka hii hakuna anayeuliza marehemu aliumwa nini. Ugonjwa wenyewe huku kwetu tunauita Juliana, kwa jina la vile vitambaa vya magendo kutoka Uganda vilivyoingia wakati mmoja nao, na hata hilo jina watu hulitaja kwa kuangalia pembeni.

Nililala kwenye nyasi pamoja na wanaume wa msiba. Chakula kilikuwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, kimemwagwa juu ya majani mapana ya mgomba, watu sita sita kwa jani. Mimi nililetewa jani langu peke yangu. Nikasema nisogee kwa wenzangu, mama aliyekuwa anagawa akanizuia kwa upole na kwa neno la heshima la Kihaya.

"Kula tu hapo, waitu. Usihangaike kuinuka."

Hilo nalo nikalitia kwenye hesabu ya ualimu, nikala mpaka nikamaliza jani zima.

Jumatano tulifika Kemondo, na pale dizeli ikaisha. Dereva akaenda kuitafuta, nami nikaona ndiyo nafasi ya kuanza kazi. Nilikuwa na samli ya mama na mafuta ya mgando. Mafuta ya mgando nilikuwa sina imani nayo, maana Januari niliyajaribu shambani yakanikaanga, lakini nilitaka kujua kama angalau yanakaa majini. Nikajipaka samli karibu na kiwiko, mgando karibu na kiganja, nikaketi kivulini kando ya gati, nikatumbukiza mkono ziwani, nikaanza.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe…"

Nilipofika katikati, sauti ya mwanamke nyuma yangu ikapokea: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Ninyi ni Wakatoliki wenzangu, mnajua. Mtu akishakupokea rozari huwezi kumwambia samahani, mimi nilikuwa napima mafuta. Nikaendelea. Kufika rozari ya pili waliokuwa wanaanika dagaa wameacha dagaa, wachuuzi wa samaki wameacha samaki, na wote wamepiga magoti kwenye mchanga. Nilitamani kuutoa mkono niangalie, nikaona haya. Nikamaliza rozari tatu na mguu wangu ukiwa umekufa ganzi.

Samli ilikuwa imekwenda zamani, imebaki harufu tu. Mgando ulikuwepo, lakini jua lingepita ndani yake bila kubisha hodi. Kumbe nahitaji vitu viwili kwa pamoja, mafuta yakae na tena yawe mazito kiasi cha kuonekana kwa macho.

Mama mmoja akaniwekea sato mzima wa kukaanga kwenye gazeti. Nikatoa fedha, akazirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwalimu, utuombee na sisi. Nina mdogo wangu kalala ndani tangu Pasaka."

"Nitamwombea," nikasema. Ningesema nini kingine? Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hapo nilikuwa na samaki mkononi na watu kumi na mmoja wananitazama kama padri. Nilipanda lori nikijiuliza Kemondo wamepatwa na nini.

Bukoba mjini

Alhamisi asubuhi tuliingia mjini, nikaanzia duka la Mama Shirin. Familia za Kihindi zilizobaki mjini ni chache, na yeye ni mjane aliyekataa kufuata watoto wake waliohama. Kihaya chake ni kizuri kuliko changu. Rafu zilikuwa na viberiti, nyembe na vitambaa vya kaniki, basi. Lakini kwenye kabati la kioo palikuwa na chupa moja ya kahawia, na nilipoisogelea mpaka pua ikagusa kioo nikaona picha ya mwanamke wa Kizungu amejilaza ufukweni.

"Mama, hii ni ya jua?"

"Hiyo imekaa hapo tangu Wazungu wa kahawa walipokuwa wanaogelea Jumapili. Siiuzi, hilo ni pambo la kabati. Wewe unataka ya nini?"

"Nataka mafuta ya ngozi ambayo yakipakwa hayatoki haraka. Nimeshajaribu samli, nimeshajaribu mgando."

Kisha akaitoa chupa, akaifuta kwa kanga, akaniletea beseni la maji bila kuuliza. Mafuta yaliganda shingoni mwa chupa, tukayachokonoa kwa njiti. Yalinuka nazi iliyooza. Nikapaka, nikatumbukiza mkono, nikaanza kusali. Sikumaliza hata kumi la kwanza la rozari, yakaelea yote juu ya maji na kunizunguka mkono.

Nilipoinua macho Mama Shirin alikuwa amefunga nusu ya mlango wa duka ili wateja wasiingie. Alikuwa amesimama kichwa kimeinama. Yeye si Mkristo, lakini alisubiri hadi nikafanya ishara ya msalaba.

"Mwanangu," akasema, "nenda Kashozi, kwa masista. Wana marhamu nyeupe ya kopo, wanawapaka wagonjwa wa vidonda. Mimi nilipakwa mguuni mwaka juzi, hata kwa sabuni haikutoka. Nenda leo."

Nikamuuliza bei ya mafuta ya chupa niliyoharibu. Akanifukuza kwa mkono, na nilimsikia anapenga kamasi nilipokuwa naondoka. Nilikwenda barabara nzima nikijiuliza kama nimemkosea.

Kashozi

Kashozi si mbali kama una gari. Mimi nilipata baiskeli ya mizigo hadi nusu ya njia, nusu nyingine nikatembea chini ya mwavuli kati ya migomba na mibuni. Nilifika saa saba na nusu. Nje ya chumba cha dawa palikuwa na foleni ndefu, karibu wote akina mama, na kila mmoja amekuja kwa ajili ya mtu asiyeweza kuja mwenyewe. Nikashika mkia.

Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka. Uso wake sikuuona vizuri, niliona kitambaa cha bluu na nikasikia sauti ya mtu aliyechoka.

"Wewe ndiye mwalimu aliyesali na mkono majini pale Kemondo?"

"Umejuaje?"

"Habari hutembea. Pita mbele yangu, baba."

"Hapana, mama, wewe umenitangulia."

"Pita. Mwanangu yuko nyumbani, amelala kivulini. Wewe umekuja kwa miguu yako mwenyewe, na una safari ya kurudi."

Akawaambia neno wa mbele yake kwa Kihaya, nao wakatupisha sote wawili, na wa mbele yao wakatupisha. Nikajikuta naingia, yeye akisubiri mlangoni. Sista alikitazama kidonda changu cha zamani begani, akatazama mikono yangu yenye madoa, akafungua kabati, akatoa kopo moja.

"Hili ndilo la mwisho hadi mzigo mwingine uje," akasema. "Paka kidogo kidogo."

Nikalichukua. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, nililichukua, nikashukuru, nikatoka nikiwa na furaha ya mtoto aliyepewa viatu vipya. Yule mama wa kitambaa cha bluu alikuwa pale pale mlangoni. Akanyoosha mkono akaligusa mfuniko.

"Usisugue," akaniambia. "Ukisugua inatoka. Unaiweka tu juu, unaiacha ikauke."

Kisha badala ya kuingia kwa sista akachukua kikapu chake na kushika njia ya nyumbani. Nikamshangaa. Mtu anakuja kutoka kwake, anapanga foleni, zamu yake inafika, anaondoka?

Kwenye chemchemi bondeni nilipima. Rozari ya kwanza, ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu nilisali kwa sauti ya kushangilia ambayo Mama Maria anisamehe. Nikautoa mkono, na marhamu ilikuwa nyeupe pale pale nilipoiweka, maji yanateleza juu yake. Niliruka peke yangu pale chemchemini, koti linapepea, na msichana aliyekuja kuchota maji akarudi na ndoo tupu.

Kibeta

Ninapokwenda Bukoba hufikia Kibeta kwa shangazi Leokadia. Shangazi huyu hajui kuongea polepole. Lakini jioni hiyo alinipokea kimya, akanivua koti yeye mwenyewe, akaniketisha. Ndani palinukia kuku. Shangazi hachinji kuku hadi Krismasi.

"Deo, kwa nini hukutuambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Mimi nisikie sokoni? Kwa wauza dagaa? Kwamba mtoto wa kaka yangu anazunguka mkoa mzima anasali kwenye maji apate kufa vizuri?"

Nilikaa nimeshika kopo magotini. Nikamweleza mashindano, jua, rozari tatu. Alinisikiliza mdomo wazi. Akainuka, akanishika mashavu, akaniinamishia kwenye taa ya chemli kunichunguza macho, kisha akanipiga kofi zuri sana la bega.

"Mjinga mkubwa! Wanafikiri una Juliana! Umekonda, umejifunika, unatafuta mafuta ya ngozi, umeshika rozari. Mtu mzima na akili zake afikirie nini?"

Akacheka akilia, akalia akicheka, akaleta kuku. Mimi kuku sikumgusa. Lilinijia moja baada ya jingine, lile jani la peke yangu, samaki wa bure, mlango wa Mama Shirin, kiti cha mbele ambacho nilidhani ni heshima ya ualimu. Kisha akanijia yule mama wa kitambaa cha bluu na kikapu chake. Pale mlangoni alimsikia sista akisema kopo ni la mwisho, akajua kwamba kuingia kwa sista hakuna faida tena.

"Shangazi, nimechukua dawa ya mtoto wake."

"Hukuchukua, umepewa."

"Nimepewa kwa uongo."

"Ulidanganya nini? Ulisema una nini?" Shangazi alikuwa tayari amepata hasira za kunitetea. "Na kidonda chako cha mwaka jana kilikuwa cha uongo? Kaogelee. Baada ya hapo utarudisha kitakachobaki."

Maneno yake yalikuwa na maana, na ndiyo maana yalinichanganya. Asubuhi ya Ijumaa niliamua kurudisha kopo. Na kabla ya kutoka, naandika na hili, nilichukua kiboksi changu cha sabuni, nikakiosha, nikachota nusu ya marhamu nikaitia humo, nikasawazisha juu ya kopo kwa kidole ili isionekane imechotwa.

Kashozi, mara ya pili

Nyumba ya yule mama wa kitambaa cha bluu, Mama Vedasto, nilionyeshwa kwa urahisi, nyuma ya mibuni. Vedasto mwenyewe, mwanawe, alikuwa amelazwa kwenye mkeka baraza ya nyuma. Ni wa umri wangu. Nilimsikia kabla ya kumwona, maana kupumua kwake kulikuwa na mlio. Vita vilimrudisha mzima, baadaye akafanya biashara ya kuvuka mpaka, na biashara ikamrudisha hivyo.

Mama alipoona kopo alishika mdomo, akashtuka kwa Kihaya.

"Mawe! Umerudisha? Sista amekuambia nini, baba? Amekuambia haina faida tena?"

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo lenyewe. Alikuwa ananililia mimi. Nikamwambia.

"Mama, mimi si mgonjwa."

Akalipokea kopo.

"Mimi ni mzima. Nilikuwa natafuta mafuta ya kuzuia jua. Kesho naogelea kutoka Musira."

Sijawahi kuona aibu ya kuwa mzima kama siku ile. Mama alikaa chini kwenye kizingiti, na aliposema, alisema taratibu, ingekuwa heri angepiga kelele.

"Nimekupa zamu ya mwanangu, ukaogelee."

"Ndiyo, mama."

Kutoka kwenye mkeka kukatoka sauti nikadhani Vedasto amekabwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mama akaenda kumwinua kifua, na bado anacheka. Kilichomchekesha sikukijua, na sikijui.

"Musira," akasema alipopata pumzi. "Mnaanzia upande gani?"

"Upande wa mawe, unaotazama mji."

"Saa ngapi?"

"Saa sita, wakiwahi."

"Saa sita upepo ni wa kusini. Nilikuwa napiga kasia pale na mizigo. Utakusukuma kulia hata hujui. Shika kushoto, ufikiri kama unakwenda pasipo mji." Akapumzika. "Mama, mgawie."

"Na wewe utapakwa nini?"

"Nusu inanitosha."

Nikatoa kiboksi cha sabuni mfukoni. Nilikuwa nimekwisha gawa mwenyewe bila kuombwa, na sasa nusu yangu ilikuwa pale mkononi kila mtu anaiona. Mama alikifungua, akaangalia kopo, akaangalia kiboksi. Nilisubiri anitoe nje.

"Njoo," akasema. "Hujui kuipaka. Utaimaliza bure."

Akamgeuza Vedasto ubavu, akafunua shuka. Akanitia marhamu kwenye vidole, akanielekeza mgongoni mwa mwanawe. Katika misiba yote niliyokwenda, sikuwa nimemgusa mtu mwenye ule ugonjwa. Niliurudisha mkono nyuma kidogo, na najua walijua. Mimi niliyeletewa jani la peke yangu nilitaka kumpa yeye la kwake.

"Usisugue," mama akasema. "Weka. Ngoja ikauke. Sasa rudia juu yake. Ya pili ndiyo inayokaa."

Mgongo wake ulikuwa wa moto na mwepesi. Tulimaliza, mama akamfunika. Vedasto alikuwa ameshalala. Niliaga, na mama hakuitika kuaga kwangu, alinipa tu kiboksi cha sabuni na ndizi mbivu mbili za njiani.

Musira

Hotuba zilianza saa nne, zikaisha saa saba kasoro. Tulikuwa tisa, tumepangwa kwenye mawe ya kisiwa, wanane weusi na mimi mweupe wa marhamu kutoka kisigino hadi sikio. Asubuhi nilijipaka mara mbili kama nilivyofundishwa, na mgongo nisioufikia alinipaka shangazi huku akinitukana. Watoto waliokuja na mitumbwi walinicheka, na mmoja wa wasimamizi aliniuliza kama nimetumbukia kwenye chokaa.

Tuliingia majini. Rozari ya kwanza nilikuwa wa tatu, hilo niliambiwa baadaye. Mimi nilikuwa naona mwanga tu, mbele mwanga, chini mwanga, na ufukwe sikuuona kabisa. Ya pili nilipotea. Nilifuata kivuli cheusi nikidhani ni mwogeleaji mwenzangu, kumbe ni mtumbwi wa wasimamizi uliokuwa unageuka kurudi kisiwani. Mpiga kasia alianza kugonga ubavu wa mtumbwi na kupiga kelele, "Mwalimu, huko ni Musira! Unarudi Musira!" Nikasimama majini bila kujua mbele wala nyuma. Upepo ulinigonga shavu moja, nikakumbuka. Nikaliweka shavu la kushoto kwenye upepo, nikashika kushoto zaidi ya ilivyoniingia akilini, nikawa naona kabisa kwamba naelekea pasipo, na nikaendelea kuelekea pasipo hadi goti langu lilipogusa mchanga.

Nilikuwa wa tano. Mwanza wameenda wengine. Shangazi alinizungusha ufukweni kama anayenunua ng'ombe, akinikagua mgongo, mabega, nyuma ya masikio. Marhamu ilikuwepo. Hapakuwa na lengelenge hata moja. Alinishika kichwa akapiga vigelegele, na watu waliokuwa wanamshangilia wa kwanza wakageuka kuona ni nini.

Kashozi, Jumapili

Kwenye kiboksi palikuwa pamebaki vidole viwili vya marhamu. Baada ya misa ya kwanza nilishika njia. Nilitembea haraka, kofia mkononi kwa sababu palikuwa na mawingu, na nilikuwa napanga maneno ya kumchekesha Vedasto, ile habari ya kurudi Musira.

Nilisikia vilio kabla sijaona. Nilipotokeza kwenye mibuni, nyasi zilikuwa zimetandazwa uani na wanaume wamekaa juu yake. Hakuna aliyekuwa anaongea kwa sauti. Mtu akanipisha nafasi. Sikukaa, nilisimama na kiboksi cha sabuni mkononi bila kujua nikiweke wapi.

Mama Vedasto alitoka ndani. Kitambaa cha bluu hakuwa nacho, kichwa kilikuwa wazi. Alikuja mpaka karibu kabisa, kama mtu aliyejua ninavyoona, akanishika mkono akaugeuza, akauangalia juu na chini, akapandisha shati langu begani akaangalia na huko.

"Ulifika?" akaniuliza.

"Nilifika, mama."

"Basi ingia umwambie."

Nikavua viatu. Ndani palikuwa na giza na akina mama wameketi ukutani, wakanipa njia. Nikapiga magoti kando yake. Nikamwambia kwamba upepo ulikuwa wa kusini, kwamba nilishika kushoto, na kwamba nimefika.